Bukavu kwa miguu: uanzie Ibanda, Kadutu au Bagira?

Ndugu wanaofika Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo kando ya Ziwa Kivu, kwa siku chache huuliza swali moja, na vijana wengi waliozaliwa hapa hapa huliuliza pia: nikitaka kuujua mji huu kwa miguu yangu, nianzie wapi? Nibaki Ibanda kando ya ziwa? Nipande Kadutu? Au niende Bagira, ambako watu wengi hupita pembeni tu wakielekea Kavumu? Komine hizo tatu, yaani sehemu za utawala za mji, ndizo mji wenyewe. Kila moja ina milima yake, ngazi zake na historia yake, na mwenye asubuhi moja tu hawezi kuzimaliza zote.

Kwamba Bukavu inafaa kutembelewa kwa miguu, hilo halina ubishi kwangu. Barabara za magari hapa huzunguka kilima ili zipunguze mpando, lakini mguu hukata moja kwa moja. Kati ya barabara ya juu na ya chini kuna vijia na ngazi ambazo hazimo kwenye ramani yoyote unayoweza kununua. Wanafunzi, wafanyakazi na akina mama wanaobeba mizigo huzipita kila siku. Anayezunguka mji kwa gari au pikipiki huona migongo ya vilima, na mabonde humpita bila kujua kwamba watu wengi wa mji huu wanaishi huko.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaziangalia njia zote tatu kwa mambo yale yale. La kwanza ni mpando na muda, kwa sababu si kila goti linaweza Kadutu. La pili ni ngazi zenyewe: zimejengwa kwa nini, na nani alizijenga. La tatu ni historia ambayo njia inakupitisha ndani yake. La nne ni mvua, usalama na picha, nami ninayaweka pamoja kwa kuwa yote yanahusu namna ya kutoka na kurudi vizuri. Mwisho nitasema njia hiyo inamfaa nani.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kuanza, kwa kuwa bila hilo komine tatu zitaonekana kama bahati tu. Wabelgiji waliijenga Bukavu juu ya ardhi ya Bashi, wenyeji wa hapa, katika eneo la mwami (mfalme) wa Kabare, tangu mwanzo wa karne ya 20. Waliuita mji Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu wa Kongo, na jina hilo lilidumu hadi miaka ya 1950. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Kongo ya Wabelgiji, wazungu walikuwa na upande wao na Waafrika upande wao, na saa za usiku zilikuwa na sheria zake. Ibanda ilipangwa kwa ajili ya wazungu na magari yao. Kadutu ilikuwa makazi ya wafanyakazi Waafrika. Bagira ilikuja baadaye, katika miaka ya 1950, kama mtaa wa kisasa wa Waafrika uliochorwa kwanza kwenye karatasi ya mhandisi. Mpaka leo ngazi za kila komine zinaonyesha mjenzi alikuwa anamfikiria nani, na ndiyo maana ninasema chaguo lako ni chaguo la historia kabla ya kuwa chaguo la mandhari.

Ibanda na rasi za ziwa

*Mpando na muda.* Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, ingawa wepesi wake una masharti. Ukianzia Place de l'Indépendance na kufuata avenue Patrice Lumumba kuelekea Nyawera, barabara haikuchoshi sana. Jasho huanza ukishuka kwenye rasi. Watu husema Bukavu ni mkono wa kijani uliotumbukizwa ziwani, vidole vitano ndani ya maji, na mwenye kutembea anauhisi mkono huo: kila kidole unachoshuka, lazima ukipande tena kurudi barabarani. La Botte, Muhumba na Nguba kwa mkupuo mmoja ni asubuhi nzima ya kutembea polepole. Rasi moja pamoja na avenue yenyewe inatosha kwa saa mbili au tatu.

*Ngazi zenyewe.* Ngazi za Ibanda ni fupi na zimejengwa kwa mawe na saruji. Nyingi zinatoka barabarani kwenda kwenye lango la nyumba, kisha zinaishia hapo. Kuta za mawe meusi zinazozuia udongo usiporomoke barabarani zinastahili kuangaliwa kwa makini, maana ni kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na nyingi bado zimesimama. Lakini useme ukweli: hapa ngazi ni za mwenye nyumba. Mwenye kutaka kushuka hadi kwenye maji atazuiwa na ukuta baada ya ukuta, kwa kuwa viwanja vimejengwa mpaka ukingoni na njia za kufikia ziwa zimebanwa mwaka hadi mwaka. Unaweza kuizunguka La Botte huku ziwa liko pande zote, na usiguse maji hata mara moja. Hilo linaniuma, nami sioni sababu ya kulificha kwa mgeni.

*Historia.* Hapa Ibanda inazishinda zote kwa wingi wa majengo yanayoonekana. Nyumba za mtindo wa Art Déco, zenye pembe za mviringo na vibaraza virefu, bado ziko kando ya avenue, nyingine zimekarabatiwa na nyingine zimefunikwa na mabango ya maduka. Kolegi Alfajiri ya Wajesuiti, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Notre-Dame de la Victoire, ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wazungu, na leo wanafunzi wake ni watoto wa mji. Kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix liko upande huu pia, na hapo ndipo alipozikwa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Aliuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, siku ambazo majeshi yalikuwa yanaingia mjini, baada ya kukataa kuwaacha watu wake na baada ya kuwatetea waziwazi wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Anayepita Nyawera katikati ya kelele za soko na honi za magari apunguze mwendo kidogo.

Kuna tabaka nyingine chini ya hilo. Agosti 1964 Kanali Léonard Mulamba aliulinda mji dhidi ya waasi waliokuwa wameteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji na kuushikilia hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha wakavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda. Julai 1994 njia ya watu ikageuka: wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mto huo huo kuja upande huu, maelfu kwa maelfu, wakalala barabarani na kwenye viwanja vya shule. Juni 2004 mji ukatekwa tena, safari hiyo na wanajeshi waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Wazee wa Ibanda wanaweza kukuonyesha kila tukio lilipita kwenye kona gani.

Na Ruzizi yenyewe? Mto huo unatoka ziwani kwenye ukingo wa mji na kuteremka hadi Tanganyika. Haukuwapo siku zote. Zamani sana maji ya eneo hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoziba njia, ziwa likajaa mpaka likapata pa kutokea upande wa kusini, hapa kwetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na teremko hilo la Ruzizi ndilo linaloendesha mitambo ya umeme wa mji.

*Mvua, usalama na picha.* Kwa mvua, Ibanda ndiyo salama zaidi kwa sababu ya lami na mifereji, ingawa ukishikwa na mvua kwenye teremko la rasi, maji hugeuza barabara kuwa kijito. Kwa picha, hapa ndipo panapohitaji tahadhari kubwa kuliko kwingine: ofisi za serikali, makazi ya wakubwa, kambi, mpaka na madaraja viko karibu karibu, na simu iliyoinuliwa mahali pasipofaa inaweza kukuletea maswali ya saa nzima.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye magoti mabovu, mzee, mwenye watoto wadogo, mpenzi wa majengo ya kale, na yule anayetaka kuona ziwa mwanzo hadi mwisho. Haimfai anayetafuta ngazi zilizojificha. Zipo, ila milango imefungwa.

Kadutu, mji wa kupanda

*Mpando na muda.* Hapa hakuna kudanganyana: utapumua. Kutoka katikati ya mji hadi soko la Kadutu ni mpando, na kutoka sokoni kwenda juu, upande wa Ciriri na kwingineko, ni mpando juu ya mpando. Mtu aliyezoea atafika juu bila kusimama. Wewe simama. Kila mahali pa kupumzikia ni mahali pa kuona: geuka nyuma, ziwa linapanuka kadiri unavyopanda, na mabati ya nyumba yanashuka chini yako hadi Ibanda. Tenga nusu siku. Kushuka huchosha mapaja kuliko kupanda huchosha mapafu, kwa hiyo usitumie nguvu zote wakati wa kwenda.

*Ngazi zenyewe.* Ikiwa umekuja kwa ajili ya ngazi, umefika. Kadutu ni ngazi. Baadhi ni za saruji, zilizojengwa kwa mchango wa mtaa au kwa mradi fulani. Baadhi zimechimbwa kwenye udongo mwekundu kwa jembe na kushikiliwa kwa mawe, kwa magunia yaliyojazwa mchanga au kwa matairi ya zamani. Nyingine ni kingo za mfereji tu, na unazipanda huku maji yanateremka katikati ya miguu yako. Zinapita kati ya nyumba mbili za mbao zilizokaribiana kiasi kwamba unasikia sufuria zikifunikwa upande huu na redio ikizungumza upande ule. Ngazi hapa ni barabara, ni ukumbi, ni mahali pa kuuzia makaa na nyanya, ni mahali pa watoto kufanyia masomo. Kwa hiyo unapita nyumbani kwa watu. Salimia kila unayempita: "Jambo mama", "Jambo papa". Ukipishwa, sema aksanti. Salamu hizo mbili zitakufungulia njia kuliko ramani yoyote.

Kuna sheria ambayo haijaandikwa na ambayo kila mtoto wa Kadutu anaijua: mwenye mzigo hasimamishwi. Akina mama wabebaji hupita ngazi hizi na magunia mgongoni, kamba imezungushwa kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanaangalia ngazi inayofuata. Akisimama ghafla ili akupishe, mzigo unaweza kumwangusha. Wewe ndiye unayebana ukutani. Wanawake hawa ndio wanaojua ngazi za mji huu kuliko mhandisi yeyote, kwa kuwa wanazipima kwa mgongo, na malipo yao ni madogo mno kwa kazi hiyo.

Ardhi yenyewe nayo inatembea. Sehemu ya Funu iko juu ya maporomoko ya kale ambayo hayajatulia mpaka leo: mlima unateleza polepole, nyumba zikiwa juu yake. Wanasayansi wameufuatilia mwendo huo kwa vipimo vya ardhini na vya satelaiti. Wewe utauona bila chombo chochote. Ukuta umepasuka kwa mshazari, ngazi iliyokuwa sawa imeinama upande mmoja, mlango umekatwa upya ili uweze kufunga. Ongeza tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililofikia 5.9 kwenye vipimo, na mvua za kila mwaka, utaelewa kwa nini ngazi za Kadutu hazina umri mkubwa. Zinajengwa, zinaondoka, zinajengwa tena na watu wale wale.

*Historia.* Kadutu haina majengo mengi ya kukuonyesha, na anayekuja akitafuta vibao vya shaba ataondoka mikono mitupu. Historia yake ni ya watu kujazana. Makazi ya wafanyakazi yaliyopangwa kwa wachache yalipokea wengi zaidi baada ya uhuru. Kisha, tangu vita vya 1996 na 1998, familia zilizokimbia vijiji vya Kivu Kusini zikapanda kwenye miteremko ambayo hakuna mpanga mji angeiruhusu. Mji sasa una zaidi ya watu milioni moja, na sehemu kubwa yao inaishi kwenye miteremko ya namna hii. Soko kuu la Kadutu limekuwa tumbo la mji mzima: ndizi na maharagwe ya Bushi (nchi ya Bashi), sambaza wakavu, nguo, mafuta ya mawese. (Sambaza, anayeonekana kama samaki wa asili wa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna meza ya Bukavu isiyomjua.) Kwa wapenzi wa mpira, Stade de la Concorde iko katika komine hii, na siku ambayo OC Muungano na Bukavu Dawa wanakutana, ngazi zote za Kadutu huelekea huko.

Kuna historia nyingine ya huzuni, ya moto. Nyumba za mbao zimebanana, gari la zimamoto halina pa kupita, na moto ukiwaka nyumba moja huchukua safu nzima. Utakuta sehemu ambako mbao zote ni mpya kwa wakati mmoja. Hapo usiulize kwa pupa. Mwenyeji atakueleza akitaka.

*Mvua, usalama na picha.* Mvua ndiyo inayoamua. Msimu wake ni kuanzia Septemba hadi Mei, na udongo wa Kadutu ukilowa huteleza kama sabuni. Ukiona wingu limeshuka juu ya ziwa, shuka nawe, usisubiri tone la kwanza. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, njia ni kavu ingawa vumbi ni jingi na ziwa hufichwa na ukungu. Kuhusu usalama, nenda na mwenyeji wa kartie (mtaa) hiyo hiyo. Sisemi hivyo kwa sababu watu wa Kadutu ni wabaya. Ngazi zinagawanyika kila hatua thelathini, na mgeni anayezunguka peke yake huishia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Picha za mbali, za mabati na ziwa, hazimsumbui mtu. Picha za karibu, za watu, watoto na nyumba zao, omba kwanza, na ukikataliwa weka simu mfukoni bila kunung'unika.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye afya, mwenye subira, anayependa kuongea na watu kuliko kusoma kuta. Inamfaa mwanafunzi wa jiografia, wa ujenzi au wa mipango ya miji, kwa kuwa atajifunza hapa kwa asubuhi moja mambo ambayo darasani huchukua muhula. Haimfai mwenye shida ya moyo au ya magoti, wala anayetaka kupita haraka.

Bagira, mtaa uliochorwa

*Mpando na muda.* Bagira iko kando, kaskazini-magharibi mwa katikati ya mji, kwa hiyo wengi huchukua gari au pikipiki hadi huko kisha hutembea. Ukishafika, mpando ni wa wastani: vilima vipo, ila mitaa ilipangwa kuvifuata. Saa mbili au tatu zinatosha, ukiacha muda wa kwenda na kurudi.

*Ngazi zenyewe.* Ziko za kupangwa. Kati ya safu za nyumba kuna vijia vilivyonyooka, na pale kilima kinapokuwa kikali, kuna ngazi fupi na mifereji pembeni yake. Ukitoka Kadutu ukaja hapa siku hiyo hiyo, utaona tofauti kabla mtu hajakueleza: huku kuna mtu aliyefikiri maji ya mvua yatapita wapi. Nyingine zimechakaa na wenyeji wamezirekebisha kwa namna yao, na mahali ambapo mtaa umeongezwa bila mpango, pembezoni, ngazi za udongo zinaanza tena.

*Historia.* Bagira ni ukurasa ambao watu huuruka. Ilijengwa na Ofisi ya Makazi ya Waafrika, OCA, iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, ambayo ilijenga mitaa kama huu Kinshasa na Lubumbashi pia. Nyumba zilikuwa za kudumu, na mtaa ulikuwa na nafasi za shule, kanisa na soko. Ulikuwa mradi wa kuonyesha kwamba Mwafrika wa mjini anaweza kupewa nyumba bora, na wakati huo huo wa kumweka mbali na Ibanda. Mambo hayo mawili yalikuwa ya kweli kwa pamoja, na Bagira ndiyo mahali pazuri pa kuyaona yakiwa yamesimama kama matofali. Tafuta nyumba ambayo bado ina umbo lake la kwanza katikati ya zile zilizoongezewa vyumba, ghorofa na ukuta. Familia moja hadi nyingine utasoma miaka sabini ya maisha: nani alipata watoto wengi, nani alipata pesa, nani aliondoka.

*Mvua, usalama na picha.* Mvua haitishi sana kama Kadutu. Shida ni kurudi, maana mvua kubwa huchelewesha usafiri. Kwa kawaida mtaa ni mtulivu, watu wanajuana, na mgeni huonekana haraka, kwa hiyo kupita kwa kiongozi wa mtaa au kwa mtu wa parokia kunarahisisha mambo. Picha za nyumba ombea ruhusa kwa mwenye nyumba.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayependa kuelewa mji ulivyopangwa, anayetaka kuongea na wazee bila kelele, na mwenye kuja na kundi. Haimfai mgeni wa siku moja anayetaka kuona ziwa kwa ukaribu.

Ukiziweka pamoja

Kwa majengo na matukio ya vitabuni, Ibanda ina mengi zaidi. Kwa ngazi, hakuna inayoikaribia Kadutu. Kwa kuelewa jinsi serikali ya kikoloni ilivyofikiri, Bagira inasema wazi zaidi kuliko hizo mbili. Mfuko hautofautishi sana: Ibanda na Kadutu unaweza kuzifikia kwa miguu kutoka katikati ya mji, na Bagira inakuongezea nauli. Anayekuongoza umlipe, na mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza.

Jambo moja linazihusu zote tatu. Katikati ya Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na hali inaweza kubadilika kati ya jana na leo. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, muulize mwenyeji wako hali ya njia unayotaka kwenda. Beba kitambulisho. Usipige picha za wanajeshi, magari yao, madaraja wala mpaka. Saa kumi na mbili jioni jua linazama, nawe uwe umeshafika nyumbani mapema kuliko hapo. Mwenyeji akikwambia leo hapana, basi leo hapana.

Uchague kwa hali yako

Una asubuhi moja tu na hujawahi kufika Bukavu? Shika Ibanda, lakini usiimalize yote. Chukua avenue, Nyawera, kanisa kuu na rasi moja. Muda ukibaki, panda kuelekea Kadutu mpaka pale ziwa linapoonekana lote, kisha geuka. Utakuwa umeonja pande mbili.

Una siku nzima na miguu mizuri? Anza Kadutu asubuhi na mapema, jua likiwa bado dogo na soko likifunguliwa, kisha shuka kwa ngazi hadi Ibanda mchana. Kinyume chake, yaani Ibanda kwanza halafu kupanda Kadutu saa za mchana, ni mateso, na katika msimu wa mvua ni hatari pia, kwa sababu mawingu mara nyingi hufunguka baada ya adhuhuri.

Unaambatana na mzazi au mzee? Ibanda kwa gari hadi kanisa kuu, kisha tembeeni barabara iliyo sawa. Kama mzee huyo aliishi Bukavu zamani, mwache achague yeye. Huenda atakupeleka Bagira au kwenye kona ya Kadutu ambayo hukuijua, na hapo historia utaipata kutoka kwake.

Wewe ni mwalimu na una darasa? Bagira inafaa zaidi kwa kundi, kwa kuwa vijia ni vipana na mtaa una utulivu. Wape wanafunzi kazi ya kuchora nyumba moja ilivyokuwa mwanzo na ilivyo leo. Ukitaka kuwapeleka Kadutu, wagawe katika makundi madogo, kila moja na mwenyeji wake, maana ngazi nyembamba haziwezi kupitisha darasa zima pamoja na akina mama wenye mizigo.

Umezaliwa hapa na unadhani umeshaiona yote? Chagua komine ambayo si yako. Mtu wa Nguba aende Bagira, mtu wa Bagira apande Funu, mtu wa Kadutu ashuke La Botte achungulie kila upenyo kati ya kuta mpaka apate unaofika majini. Toka saa moja asubuhi, na viatu viwe vya soli yenye meno.